Viambata vya Mimea na Kinga ya Ini Dhidi ya Jeraha la Kukatika kwa Damu: Suala la Wakati kwa Mgonjwa wa Kawajense, Mpanda

Ikisiri

Ini linalokosa damu kwa muda hujeruhiwa mara mbili: kwanza kwa kukosa oksijeni, kisha kwa kurudi kwa oksijeni hiyo hiyo. Majaribio mengi, hasa ya panya, yameonyesha kwamba viambata vya mimea kama vile kurkumini ya manjano, kwasetini ya mlonge na resveratroli vinaweza kupunguza jeraha hilo. Makala haya yanaeleza namna jeraha linavyotokea, mahali ambapo viambata hivyo huingilia kati, na sababu zinazofanya matokeo ya maabara yasihamishike moja kwa moja hadi kwa mgonjwa anayevuja damu katika kata ya Kawajense. Hoja kuu ni kwamba swali la msingi katika uwanja huu si mmea gani una nguvu zaidi, bali ni lini kiambata kinatolewa: kabla damu haijakatika au baada yake.

1. Utangulizi

Kawajense ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Mji wa Mpanda ndio mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua, na umezungukwa na misitu ya miyombo. Katika eneo hili Wabende, Wakonongo na Wapimbwe huishi pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na kila jamii ina elimu yake ya mizizi, magome na majani yanayotumiwa kama dawa. Kwa hiyo mtafiti anayesoma kwamba mmea fulani unakinga ini hana budi kujiuliza habari hiyo ina maana gani kwa watu wa mahali kama hapa.

Maandiko mengi kuhusu jeraha la ini linalotokana na kukatika kwa damu yamezaliwa katika vyumba vya upandikizaji wa viungo. Thomas Starzl alifanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na tangu hapo tatizo la ini lililokaa bila damu limechunguzwa kwa makini. Hata hivyo, mkazi wa Kawajense hakutani na tatizo hili kwa njia ya upandikizaji. Hukutana nalo mama anapovuja damu nyingi baada ya kujifungua, kijana wa bodaboda anapopasuka bandama katika ajali, mchimbaji mdogo wa dhahabu anapofukiwa na kifusi, au mgonjwa wa selimundu anapozibwa mishipa midogo ya ini na chembe za damu zilizopinda. Katika hali hizo zote, damu hukatika bila taarifa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

2. Ini na njia zake mbili za damu

Ini hupokea takribani robo ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Damu hiyo huingia kwa njia mbili. Takribani robo tatu hupitia mshipa wa lango, unaokusanya damu kutoka utumbo na bandama, na robo iliyobaki hupitia ateri ya ini. Kwa kuwa damu ya mshipa wa lango imekwisha kuacha sehemu ya oksijeni yake katika utumbo, njia hizi mbili huchangia oksijeni kwa kiasi kinachokaribiana.

Mpangilio huu hulipa ini akiba fulani, lakini pia huleta udhaifu. Damu hutiririka kutoka pembezoni mwa kila kijisehemu cha ini kuelekea vena ya kati, na njiani seli huchukua oksijeni hatua kwa hatua. Seli zilizo karibu na vena ya kati, ambazo katika mgawanyo wa Rappaport wa mwaka 1954 huitwa ukanda wa tatu, hupata masalio. Shinikizo la damu linaposhuka, seli hizo ndizo za kwanza kufa. Daktari huona dalili yake katika vipimo: vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, hasa alanini aminotransferasi na aspateti aminotransferasi, hupanda ghafla katika damu baada ya siku moja au mbili.

Madaktari wa upasuaji nao hukata damu ya ini kwa makusudi. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza mbinu ya kubana mishipa inayoingia katika ini ili kuzuia uvujaji kwa majeruhi. Mbinu hiyo ingali ikitumika, mara nyingi kwa kubana kwa dakika 15 na kuachia kwa dakika 5, kwa zamu. Hapa daktari anajua dakika ambayo damu itakatika na dakika ambayo itarudi. Ujuzi huo haupo kwa mgonjwa wa ajali.

3. Jeraha la kwanza na jeraha la pili

Damu inapokatika, mitokondria hukosa oksijeni na kushindwa kutengeneza adenosini trifosfeti, ambayo ni hazina ya nishati ya seli. Pampu zinazotoa sodiamu nje hudhoofika, maji huingia na seli huvimba. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli, na asidi hujikusanya. Wakati huo huo mazao ya kimetaboliki yasiyoweza kuendelea na safari yake hurundikana. Miongoni mwake ni haipozanthini, inayotokana na kuvunjika kwa hazina ya nishati, na suksineti, ambayo utafiti wa Chouchani na wenzake wa mwaka 2014 uliionyesha kuwa chanzo kikubwa cha madhara damu inaporudi.

Jeraha la pili huanza pale tiba inapoanza. Oksijeni inaporejea, suksineti iliyorundikana huunguzwa kwa kasi na kusukuma elektroni kinyumenyume katika mnyororo wa mitokondria. Kimeng'enya cha zanthini oksidasi nacho hushughulikia haipozanthini. Njia zote mbili huzalisha chembe huru za oksijeni zinazoshambulia mafuta ya utando wa seli, protini na vinasaba. Hayo hutokea katika dakika za mwanzo kabisa.

Kisha hufuata uvimbe wa kinga. Seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wa kudumu wa ini, huamshwa na mabaki ya seli zilizokufa na kutoa vichochezi kama vile kipengele cha nekrosi ya uvimbe alfa. Hatua hii ya mapema hutawala saa chache za kwanza. Katika hatua ya baadaye, inayoanza takribani saa sita baada ya damu kurudi na kuendelea kwa siku moja au mbili, nyutrofili huitwa kwa wingi na kuharibu hata seli zilizokuwa zimenusurika. Mishipa midogo huvimba kiasi kwamba baadhi ya maeneo hayapati damu tena ingawa mishipa mikubwa imefunguliwa.

Kwa muhtasari, jeraha lina ratiba. Kila hatua ya ratiba hiyo ina saa yake, na dawa inayofaa kwa hatua moja yaweza kuwa imechelewa kwa hatua iliyotangulia.

4. Viambata vya mimea huingilia wapi

Viambata vilivyochunguzwa zaidi ni vya kundi la polifenoli. Kurkumini hupatikana katika manjano, zao linalolimwa Zanzibar na katika milima ya Muheza mkoani Tanga. Kwasetini hupatikana katika vitunguu na katika majani ya mlonge. Katekini zimo kwa wingi katika majani mabichi ya chai, ambayo nchini hulimwa Mufindi, Njombe na Rungwe. Chai inapochachushwa kuwa nyeusi, sehemu kubwa ya katekini hubadilika kuwa viambata vingine, hivyo matokeo ya chai ya kijani hayapaswi kuhamishiwa kwenye kikombe cha chai ya rangi. Silimarini hutoka katika mbegu za Silybum marianum, mmea wa ukanda wa Mediterania.

Misitu inayozunguka Mpanda nayo ina mchango wake. Terminalia sericea, mti ambao Wanyamwezi huuita mzima, humea katika mchanga wa nchi ya miyombo na mizizi yake hutumika sana katika tiba asili. Watafiti wa Tanzania walitangaza mwaka 2007 kwamba walitenga kutoka mti huo glikosidi ya resveratroli, yaani resveratroli iliyofungamana na sukari. Ugunduzi huo unaonyesha kwamba kundi la viambata linalosifiwa katika maabara za ng'ambo limo katika miti ya huku. Hauonyeshi kwamba mzizi wa mzima hukinga ini, kwa sababu kuwapo kwa kiambata na kutenda kwa dawa ni mambo mawili tofauti.

Katika majaribio ya wanyama, viambata hivi huelezwa kutenda kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kunasa chembe huru moja kwa moja. Njia ya pili ni kuamsha protini ya Nrf2, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi, zikiwamo zile za heme oksijenasi-1 na vimeng'enya vya glutathayoni. Njia ya tatu ni kutuliza protini ya NF-κB, na hivyo kupunguza vichochezi vya uvimbe na wito wa nyutrofili.

Njia hizi hutofautiana kwa wakati. Kunasa chembe huru kunahitaji kiambata kiwe tayari ndani ya seli, kwa kiasi kikubwa, katika dakika ileile damu inaporudi. Kuamsha Nrf2 kunahitaji muda wa kunakili jeni na kutengeneza protini mpya, kazi inayochukua saa kadhaa. Kutuliza NF-κB na nyutrofili ndiyo njia pekee kati ya hizo ambayo, kwa ratiba ya jeraha, ingeweza kusaidia hata dawa ikitolewa saa moja au mbili baada ya tukio.

5. Panya aliyeandaliwa na mgonjwa asiyeandaliwa

Jaribio la kawaida la maabara hufanyika hivi: panya hupewa kiambata kwa mdomo au kwa sindano kwa siku kadhaa, au walau saa moja kabla ya upasuaji. Kisha mishipa inayolisha takribani asilimia 70 ya ini lake hubanwa kwa muda maalumu, mara nyingi dakika 60. Kibano huachiwa, na baada ya saa kadhaa damu na ini huchunguzwa. Panya walioandaliwa huwa na vimeng'enya vichache katika damu na seli nyingi zilizo hai kuliko wenzao.

Matokeo hayo ni ya kweli kwa swali lililoulizwa. Swali hilo ni je, ini lililokwisha kuandaliwa huhimili vizuri zaidi ukosefu wa damu unaojulikana muda wake? Kwa mgonjwa anayepangiwa upasuaji wa ini katika hospitali ya rufaa, swali hilo linafaa kabisa. Kwa mama anayevuja damu usiku, swali halimhusu. Ini lake halikuandaliwa, muda wa kukosa damu haujulikani, na wakati muuguzi anapomfikia hatua ya kwanza ya jeraha imekwisha kuanza.

Kuna tofauti nyingine. Panya wa maabara huwa mchanga, dume, mwenye afya na lishe kamili. Mgonjwa yaweza kuwa ni mjamzito mwenye upungufu wa damu, mwenye malaria, au mwenye ini lililokwisha kudhuriwa na homa ya ini aina ya B au na sumukuvu ya mahindi na karanga. Ini lenye maradhi ya awali huhimili ukosefu wa damu kwa namna nyingine, na haliwezi kuwakilishwa na ini lisilo na dosari.

6. Safari ya kiambata kutoka tumboni hadi kwenye seli

Polifenoli nyingi hufyonzwa kidogo, na kile kinachofyonzwa hugeuzwa haraka na utumbo na ini kuwa maumbo mengine. Kurkumini ni mfano mashuhuri: hata watu wanaomeza gramu kadhaa kwa siku huonyesha kiasi kidogo mno katika damu. Mapitio ya Nelson na wenzake ya mwaka 2017 yalionya pia kwamba kurkumini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara na kuonekana inatenda mahali ambapo haitendi. Hivyo kipimo kilichofaa katika chombo cha seli chaweza kisifikiwe kamwe katika mwili wa binadamu.

Kwa mgonjwa aliyepoteza damu nyingi tatizo huongezeka. Mwili hulinda moyo na ubongo kwa kupunguza damu ya utumbo. Utumbo usio na damu haufyonzi dawa, na mshipa wa lango, ambao ungekibeba kiambata hadi kwenye ini, ndio huo uliopungukiwa. Aidha, mgonjwa anayeelekea chumba cha upasuaji hapaswi kuwa na kitu tumboni. Kwa sababu hizo, mchemsho wa mizizi unaonyweshwa mgonjwa wa aina hii hauna njia ya kufika unakokusudiwa, hata kama kiambata chake ni bora.

7. Mafunzo ya tafiti mbili za Afrika Mashariki

Tafiti mbili kubwa zilizofanywa katika eneo hili, ingawa hazikuhusu mimea wala ini peke yake, hutoa kipimo cha hoja hii.

Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo hospitali ya Teule iliyopo Muheza. Ilidhaniwa kwamba kuwaongezea maji ya mshipani kwa haraka kungewaokoa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa mwongozo katika nchi tajiri. Matokeo yalikuwa kinyume: baada ya saa 48, vifo vilikuwa takribani asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo kwa haraka, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Watoto wenye majeraha hawakuhusishwa, hivyo matokeo hayahamishiki kwa majeruhi. Funzo lake ni la kimbinu: wazo lenye mantiki nzuri ya kifiziolojia laweza kuua likihamishwa bila kupimwa mahali linakotumika.

Utafiti wa WOMAN, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusisha wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua katika nchi 21, Tanzania ikiwamo. Asidi ya traneksamiki ilipunguza vifo vya kuvuja damu, lakini faida hiyo ilionekana kwa waliopewa dawa ndani ya saa tatu, ambapo vifo vilikuwa asilimia 1.2 ikilinganishwa na 1.7 kwa wasiopewa. Baada ya saa tatu faida haikuonekana. Dawa ilikuwa ileile na wagonjwa walikuwa wa aina ileile. Kilichobadilika ni saa. Shirika la Afya Duniani lilijumuisha mpaka huo wa saa tatu katika mwongozo wake.

8. Mimea inayoziba damu ya ini

Mjadala wa kinga haukamiliki bila kutaja upande wa pili. Baadhi ya mimea husababisha hasa kile kinachotafutiwa tiba. Alkaloidi za pirolizidini, zilizomo katika jamii za Crotalaria, Senecio na Heliotropium, huharibu ukuta wa mishipa midogo ya ini na kuziba njia ya damu. Mwaka 1954 madaktari walieleza ugonjwa huo Jamaika, ambako ulihusishwa na chai ya majani ya porini. Katika miaka ya 1970 ulienea Afghanistan kwa sababu ya ngano iliyochanganyika na mbegu za magugu, na katika miaka ya 2000 ugonjwa wa ini uliowapata wanakijiji wa Tigray, Ethiopia, ulihusishwa na alkaloidi za kundi hilohilo.

Nchini Tanzania, Crotalaria hujulikana kama marejea na baadhi ya spishi zake hupandwa kurutubisha udongo. Spishi hutofautiana sana kwa kiasi cha sumu, na mbegu huwa na sumu nyingi kuliko majani. Kwa hiyo utambuzi sahihi wa spishi na sehemu ya mmea iliyotumika, pamoja na kuhifadhi sampuli katika habariamu, si urasimu wa kitaaluma. Ni mpaka kati ya mmea unaokinga ini na mmea unaoliziba.

9. Utafiti unaostahili kufanywa

Hoja zilizotangulia hazidai kwamba utafiti wa mimea uachwe. Zinadai uulize swali linalolingana na mgonjwa. Kwanza, jaribio la mnyama liwe na kundi linalopewa kiambata baada ya damu kurudi, kwa vipindi tofauti, kwa mfano mara moja, baada ya saa moja na baada ya saa tatu. Pili, wanyama wawe wa jinsia zote mbili, na wawepo wenye upungufu wa damu au ini lenye maradhi ya awali. Tatu, kiasi cha kiambata kipimwe katika damu na katika ini, si katika chupa tu. Nne, njia ya mshipani ichunguzwe, kwa kuwa ndiyo inayowezekana kwa mgonjwa aliyepoteza damu. Tano, kigezo cha mwisho kiwe uhai wa mnyama na kurejea kwa kazi ya ini. Kushuka kwa vimeng'enya pekee hakutoshi.

Miundo ya kufanikisha kazi hiyo ipo. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliwapa waganga wa tiba asili nafasi ya kutambuliwa na kusajiliwa. Mganga aliyesajiliwa anaweza kuwa mshirika wa utafiti kwa ujuzi wake wa mimea. Anaweza pia kuwa kiungo cha rufaa, iwapo mafunzo yake yatamwezesha kutambua mgonjwa ambaye hapaswi kusubiri mzizi uchemke.

10. Hitimisho

Viambata vya mimea hupunguza jeraha la ini katika maabara kwa sababu zinazoeleweka, na baadhi yake vimo katika miti ya nchi ya miyombo. Nafasi yake iliyo karibu zaidi kuthibitishwa ni katika upasuaji uliopangwa, ambako saa ya kukatika kwa damu inajulikana. Kwa mgonjwa wa dharura, matumaini yamebaki katika hatua ya uvimbe inayofuata saa kadhaa baadaye, na huko ndiko utafiti uelekezwe. Hadi hapo, kinachokinga ini la mama anayevuja damu Kawajense ni kuzuia uvujaji, asidi ya traneksamiki ndani ya saa tatu, damu salama katika benki ya damu, na usafiri wa kumfikisha hospitalini bila kuchelewa. Tasnifu inayoandika kwamba mmea fulani unakinga ini bila kusema ulitolewa lini, kwa njia gani na kwa mnyama wa aina gani, huacha pengo. Mgonjwa akikaa nyumbani akinywa dawa kwa kuamini sentensi hiyo, pengo hilo hulipwa kwa saa alizokuwa nazo.